Baba Asiwepo

"Neno moja tu, Mama Tulia. Ungetamka neno moja, leo tusingekuwa tunahangaika."

"Na wewe ungekuwepo, ungelitamka mwenyewe."

Tusekile alisema hivyo akiwa ameinama anavaa buti za mvua. Hakuinua uso. Andrea alikuwa amesimama katikati ya jiko na kikombe cha uji mkononi, na Jotham, mwenye miaka mitatu, alikuwa anakililia kikombe hicho hicho huku anakisukuma.

"Nilikuwa safarini," Andrea alisema.

"Najua. Ulikuwa Dar na ndizi. Mimi nilikuwa na mtoto wa siku tisa mgongoni, nesi ananiuliza baba wa mtoto anaitwa Andrea nani. Ulitaka nimtaje baba mkwe mbele ya watu?"

"Ungenong'ona."

"Ningenong'ona, mama yako angesikia kule kule Ikuti. Angenirudisha kwetu siku hiyo hiyo, na wewe ungekaa kimya kama unavyokaaga."

Andrea akakaa kimya.

Mke wa Kinyakyusa hamtaji baba mkwe wake. Akimwona anakuja njiani, anaingia migombani na kugeuza uso mpaka mzee apite. Tusekile alikuwa na diploma ya kilimo isiyompa kazi, alikuwa anasoma habari kwenye simu kila siku, lakini katika miaka minane ya ndoa jina Anyitike halijawahi kutoka mdomoni mwake, na wakwe walimsifu kwa hilo. Siku ile nesi alisubiri, akaangalia foleni, akauliza swali jepesi zaidi: wewe mwenyewe baba yako nani? Tusekile akajibu, Ambwene. Nesi akaandika. Hivyo ndivyo Andrea Anyitike, mpakiaji wa ndizi, alivyogeuka kuwa Andrea Ambwene kwenye kadi ya kliniki ya binti yake.

Kadi hiyo ilimpimia Tulia uzito na kumpa chanjo zote bila kumuuliza mtu. Taabu ilianza mwezi huu, shule ilipotaka namba ya usajili wa kuzaliwa. Mwaka jana Tulia alikataliwa darasa la kwanza kwa sababu alipungukiwa mwezi mmoja kufika miaka sita. Mwaka huu nafasi imebaki moja, na mwalimu mkuu ameishikilia mpaka leo saa nane mchana. Saa nane na dakika moja anampa mwingine.

"Jotham anakunywa kwenye kikombe chekundu," Tusekile alisema, mlangoni tayari, kikapu cha kuchumia chai mgongoni. "Tulia usimguse nywele, utamuumiza. Suruali safi iko kwenye ndoo, siyo ile yenye maji. Mwezi huu chai imechipua kwa wingi, nikichelewa msimamizi ananifuta jina. Ukikwama, piga."

Akaondoka.

Andrea alitafuta kikombe chekundu, akakikuta Tulia ameshakishika. Akamimina uji. Jotham akanywa, akasema hataki. Andrea akamvalisha suruali, ikawa ya Tulia. Akamvua. Angeweza kuutazama mkungu wa ndizi ukiwa bado mgombani na kukuambia kilo zake, asikosee hata mbili. Lakini kiatu cha Jotham hakujua ni namba ngapi, na alipokigeuza kuangalia, namba ilikuwa imefutika.

"Hicho ni cha kushoto, baba," Tulia alisema.

Wakatoka nje kwenye manyunyu, Jotham mabegani, Tulia ameikumbatia kadi ndani ya mfuko wa nailoni. Njia nzima alisoma. Alisoma bango la duka la mbolea, akasoma ubavu wa lori, akasoma "Usikojoe hapa" kwa sauti kubwa mpaka mwanaume mmoja akafunga zipu na kuondoka.

"Nani kakufundisha?"

"Mimi mwenyewe. Na mama. Wewe ulikuwa hujui?"

Hakujua. Alikuwa anaondoka alfajiri kwenda kupakia Kiwira na kurudi watoto wamelala. Alidhani mambo ya nyumbani yanakwenda kama maji ya bomba, unafungua tu yanatoka.

Kwenye ofisi ya usajili kulikuwa na benchi moja na watu kumi na watatu. Veronika, jirani yao, alikuwa wa nne kwenye foleni na mtoto mchanga kifuani.

"Baba Tulia, leo wewe ndiye yaya?"

"Leo ni mimi."

"Haya. Na chupa ya uji umeibeba, umependeza."

Akamweleza kilichomleta, kwa sababu Veronika alikuwa mtu wa kuuliza mpaka apate. Veronika akacheka mpaka mtoto akaachia titi.

"Kwa hiyo kwenye kadi wewe na mkeo ni watoto wa mzee mmoja. Umeoa dada yako?"

Benchi zima likacheka. Andrea naye akacheka, kisha akajikuta anaitazama kadi. Ilikuwa kweli. Yeyote ambaye hakuwajua angeona hivyo hivyo.

Saa tano na robo akafika mezani. Karani aliitwa Najat, binti wa ukoo wa wafanyabiashara wa vitambaa, mzaliwa wa hapa hapa. Hakuwa na kiburi. Alikuwa na kompyuta, sweta, na chai iliyopoa.

"Tarehe ya kuzaliwa mtoto?"

Andrea alikumbuka lori lilikwama Igawa siku hiyo, likalala huko na ndizi zikaanza kuiva. Alikumbuka simu ikikatika. "Mwezi wa pili," alisema. "Tarehe... ilikuwa Jumanne."

"Tarehe kumi na moja," Tulia akasema.

Najat akamtazama Andrea kidogo, akaandika. Akaomba kitambulisho. Akakiweka kando ya kadi, akaangalia kimoja, akaangalia kingine.

"Kaka, huyu Andrea Ambwene ni nani?"

"Ni mimi."

"Wewe ni Andrea Anyitike."

"Ni mimi huyo huyo." Akaeleza. Nesi, mila, foleni, ndizi. Alipomaliza Najat akaitikia kwa kichwa, kwa sababu alikulia hapa na alishawaona wanawake wakiingia migombani.

"Nakuelewa. Lakini mfumo unaniuliza jina la baba. Hauniulizi kwa nini." Akabonyeza. Akabonyeza tena. "Umegoma. Jina la kadi na la kitambulisho lazima yafanane."

"Huyu hapa ana kadi yake." Andrea akatoa kadi ya Jotham. Alipozaliwa Jotham barabara ilikuwa imekatika kwa mvua, malori hayatoki, kwa hiyo Andrea alikwenda kliniki mwenyewe na kutaja mwenyewe. "Angalia. Baba: Andrea Anyitike. Mama yule yule, nyumba ile ile."

"Ndiyo unazidi kuharibu sasa. Watoto wawili, mama mmoja, baba tofauti."

"Baba mmoja."

"Kwa karatasi, wawili." Najat akasema bila kucheka. "Uape kwa wakili, kiapo kiende mkoani, marekebisho yarudi. Mwezi, miezi miwili. Inategemea."

"Nafasi inafungwa saa nane."

"Basi ipo njia nyingine, sijui kama utaipenda. Nikiacha nafasi ya baba wazi, mtoto anachukua jina la mama. Tulia Ambwene. Mfumo unapita, namba inatoka hapo hapo. Aje mama, aseme baba hajulikani."

"Hajulikani vipi? Niko hapa."

"Ndiyo maana baba asiwepo. Siwezi kuandika hajulikani na yeye amekaa mbele yangu kabeba chupa ya uji. Mimi pia nina bosi."

"Na nikitaka kuongezwa baadaye?"

"Kiapo, mashahidi, mahakama. Watu wanafanya." Akafikiri. "Wachache."

Andrea alitoka nje barazani. Alimpigia baba yake simu Ikuti. Hakujua anataka mzee aseme nini, pengine akasirike, ili na yeye apate wa kumkasirikia. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Alinyamaza?" mzee akauliza. "Nesi akamuuliza, yeye akanyamaza?"

"Alinyamaza, tata."

"Basi alifanya vizuri. Huyo ni mkwe. Ndaga, mwambie nashukuru."

Simu ikakatika kwa salio. Andrea alibaki ameishika. Mkewe alifanya vizuri. Nesi alikuwa na foleni. Karani alikuwa na bosi. Baba yake alikuwa ameshukuru. Aliwapanga wote mmoja mmoja kichwani na hakumwona wa kumgombeza, isipokuwa yule aliyekuwa Dar na ndizi, na huyo naye alikuwa anatafuta hela ya hao hao watoto. Jotham alikuwa ameketi kwenye dimbwi na suruali safi. Tulia alikuwa anamsomea tangazo la chanjo ya mbwa.

Akatuma ujumbe kwa Tusekile. Akasimama anautazama mpaka ukaonyesha umefika.

Tusekile alikuja saa saba kasoro, kwa miguu, aproni ya nailoni bado kiunoni, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa chai. Msimamizi alikuwa amemfuta jina la siku hiyo. Alilisema hilo kwanza, halafu akasikiliza mengine.

"Hapana," alisema.

"Saa ngapi sasa?"

"Nimesema hapana. Nitaapa. Nitalitaja hilo jina leo mbele ya huyo karani, mara kumi akitaka."

Andrea alishtuka, kwa sababu alijua maana yake. "Halitasaidia. Kadi imeshaandikwa. Ungelitaja siku ile."

"Usirudie hayo maneno."

"Sirudii."

Veronika, ambaye shughuli yake ilikwisha zamani na bado alikuwa hajaondoka, akasogea mbali hatua mbili, jambo ambalo si kawaida yake.

"Nikisema hajulikani," Tusekile akasema polepole, "watu watasema nilimpata wapi. Yeye akikua atasoma cheti. Huyu anasoma kila kitu, unajua? Atasoma hicho."

"Nimejua leo."

"Na wewe utakuwa nani?"

Andrea alikuwa baba wa mtoto ambaye tarehe yake ya kuzaliwa alikumbushwa na mtoto mwenyewe. Alikuwa baba aliyemvalisha Jotham kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Nyumbani, akiingia usiku, watoto walikuwa wamelala na yeye akiwatazama kwa tochi ya simu alijiona baba kamili. Mchana huu mmoja umempunguza kila saa, na jambo alilokuwa anashindwa kulielewa ni kwamba alitaka mchana mwingine kama huu.

"Sijui," akasema. "Ila Januari awe darasani."

Tulia alikuja akamshika kidole. "Baba, tumemaliza?"

"Bado. Nenda na mama ndani. Ukiulizwa, mama ndiye anayejibu. Umesikia?"

"Hata nikijua?"

"Hata ukijua."

Akachukua kitambulisho chake kwenye mfuko wa nailoni, akakitia mfukoni mwa shati. Akampa Tusekile kadi. Tusekile akaifuta mikono kwenye aproni mara mbili, akaingia, mtoto nyuma yake.

Andrea alimpandisha Jotham mabegani na kuvuka uwanja mpaka ukingoni, mahali migomba ya jirani inapoanzia. Dirisha la ofisi lilikuwa limepoteza vioo vitatu, na sauti zilitoka wazi.

"Jina la mama?"

"Tusekile Ambwene."

"Jina la baba?"

Kimya kikawa kirefu. Andrea alikifahamu, ingawa hakuwepo mara ya kwanza.

"Hajulikani," Tusekile akasema.

"Anajulikana," ikasema sauti ndogo. "Yule pale nje. Kambeba Jotham."

Kupitia tundu la kioo aliona kidole cha Tulia, kimenyooka sawasawa kumwelekea. Aliona kichwa cha Najat kinaanza kugeuka.

Andrea akamshusha Jotham, akamkumbatia kifuani, akaingia migombani na kugeuza uso.

"Tunajificha?" Jotham akanong'ona.

"Ee."

Maji ya mvua yalidondoka kutoka kwenye majani yakamwingia shingoni. Nyuma yake Najat aliuliza tena swali lile lile, na safari hii mtoto hakusema kitu. Kisha printa ikaanza kunguruma.