Majina Sita Mlangoni

Kitu cha kwanza Heshima alichokiona ni kidole. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango, jicho kwenye kitundu cha kuchungulia, akingoja ngazi ziwe tupu ndipo atoke na takataka, maana kusalimiana na majirani kulimchosha kuliko ngazi zenyewe. Mwanaume mrefu mwenye miwani akasimama mbele ya mlango wao. Hakubisha hodi. Alinyoosha kidole akahesabu majina yaliyobandikwa juu ya tundu la barua, kutoka juu hadi chini. Kisha akahesabu tena, kutoka chini hadi juu. Akaandika kitu kwenye daftari, akaenda zake.

Siku tatu baadaye Christina akapiga simu.

Christina ndiye mwenye nyumba. Alikuwa amehamia kwa mchumba wake huko kaskazini, akawapangisha vyumba vyake viwili vya mtaa wa Bredäng mama mdogo Léontine, binti yake Victoire, na Heshima. Lakini jengo lilikuwa na kamati yake, na kamati hiyo ilitoa ruhusa ya kupangisha kwa mwaka mmoja mmoja tu. Ruhusa ya sasa ingekwisha mwisho wa Mei. Na kamati ilikuwa na swali: mkataba una watu watatu, mlango una sita. Hao wengine ni nani? Alhamisi saa nne asubuhi mtu wao angekuja kuangalia. Akikuta mlango na mkataba havipatani, hakuna mwaka mwingine.

"Jina halilali kitandani," alisema mama mdogo baada ya kukata simu. "Jina halili bugali, wala halimalizi maji ya moto. Wanataka nini na majina ya watu?"

Victoire, mwenye miaka kumi na mmoja, alijibu kwa Kiswidi bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake. Alisema alishawaambia tangu zamani: mtu anayepokea barua kwa mwenzake huandikiwa c/o, zile herufi mbili ndogo, na hakuna anayeuliza.

"Nimuandike mtu wa kwetu kama kifurushi?" mama yake akamjia juu. "Nyamaza weye."

Hivyo ndivyo walivyolelewa. Mtu akifika ugenini hana anwani, huachi barua zake zizurure. Unampa mlango wako, na ukimpa, unampa wote: jina lake kamili, kwa herufi kubwa, sawa na la mwenyeji. Heshima ndiye aliyeyaandika. Kule kwao Uvira aliacha shule darasa la nne, mwaka ambao askari walihamia madarasani na madawati yakawa kuni. Mlango huu ndio mahali pekee ambapo mwandiko wake ulisomwa na watu. Kila jina alilichora polepole, akitumia rula ya Victoire.

Sasa alikaa jikoni na viatu vya kazi bado miguuni. Tangu alfajiri alikuwa ametandika vitanda kumi na sita vya hoteli, na mgongo ulimwambia idadi hiyo bila kuulizwa. Kamati haikumtisha. Kilichomtisha ni sanduku. Katika miaka mitatu alikuwa amelala kwenye kochi la watu Spånga, kisha Sundbyberg katika chumba walimopokezana godoro, kisha hapa. Nguo za juu zilikuwa zimetoka sandukuni. Za chini zilibaki humo, zikingoja kuhama kwingine. Hakuwa na nguvu za kulibeba tena.

"Majina yatoke," mama mdogo akasema hatimaye. "Lakini mimi siwezi kumpigia mtu simu kumwambia namfukuza. Piga wewe."

"Mama, mimi?"

"Sauti yako ndogo. Haitawauma."

Alianza na kaka Bonaventure, dereva wa basi, ambaye alikuwa na kwake siku nyingi lakini jina aliliacha, endapo mambo yangeharibika.

"Yaani nafukuzwa kwenye nyumba ambayo sijalala hata siku moja!" Bonaventure akapaza sauti. "Nilikosa nini, Heshima? Nilipiga kelele? Nilimaliza sukari?"

"Samahani, kaka. Ni kamati."

Alicheka peke yake, kisha kicheko kikakatika. "Mwambie mama yako nimesikia." Heshima alijua maana yake: Jumapili kanisani angepita upande wa pili wa viti.

Emmanuella, mwanafunzi, hakuchukua hata dakika. Alikuwa amepata chumba cha chuo. "Toa tu, mpenzi, hata nilisahau kwamba niko hapo."

Akabaki Deusdedit. Huyu alilala Spånga kwenye kochi lile lile alilowahi kulala Heshima, kwa bwana asiyeruhusu jina la mtu mwingine mlangoni pake. Miezi kumi na minne alikuwa akingoja uamuzi wa ofisi ya uhamiaji. Jina lisipoonekana mlangoni, mpeleka barua huirudisha barua ilikotoka. Na wakimkataa, ana wiki tatu tu za kukata rufaa.

"Hakuna neno, dada," alisema baada ya kumsikiliza hadi mwisho. "Nyumba ni nyumba. Barua itanitafuta."

Itakutafuta wapi? aliwaza Heshima. Lakini alisema tu, "Asante," akakata simu.

Jumatano mchana, nyumba ikiwa tupu, alichukua maji ya moto na kisu cha siagi. Jina la Bonaventure lilitoka vipande vipande. La Emmanuella lilitoka zima. Alipofika kwa Deusdedit, kisu kikasimama. Alipiga hesabu ya mtu aliyechoka: kamati inataka majina matatu, basi yawe matatu. Akabandua la kwake. Hakulitupa. Alilibandika ndani ya kifuniko cha sanduku.

Alhamisi saa nne kamili kengele ikalia. Mama mdogo alikuwa kazini, Victoire shuleni. Alikuwa yule mwanaume wa kidole. Alijitaja kuwa Filip, wa kamati. Mkononi alikuwa na nakala ya mkataba.

"Léontine, yupo," alisoma, akitazama karatasi, kisha mlango. "Victoire, yupo. Heshima... hayupo. Na huyu Deusdedit hayumo kwenye mkataba." Akashusha pumzi kama mtu aliyetarajia hivyo. "Kwa hiyo mmoja ameondoka, na mwingine ameingizwa kimyakimya. Ndicho tulichokiogopa." Akafungua kalamu. "Na wewe? Ni mgeni hapa?"

Uso wa Heshima ukawaka. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiharibu nyumba, kwa kisu cha siagi. Tangu ahamie hapa, kila alipoulizwa anaishi wapi, alijibu kwamba yuko kwa mama yake mdogo. Maneno yale mengine walifundishwa wiki ya kwanza ya darasa la Kiswidi, na hakuwahi kuyatumia.

"Naishi hapa," alisema kwa Kiswidi. "Heshima ni mimi."

Filip alimtazama, kalamu hewani. Heshima akakimbia chumbani, akarudi na jina lake limenata kwenye kidole gumba, akalibandika mahali pake. Halikunata vizuri, ilibidi alishikilie kwa kiganja.

"Na huyu?" Filip akauliza, akielekeza kalamu kwenye jina la Deusdedit.

"Anangoja barua. Uhamiaji. Analala Spånga. Barua ikija, natoa jina."

"Barua tu?"

"Barua tu. Njoo uone vitanda."

Aliingia, akaona vitanda vitatu na sanduku moja lililo wazi, akatoka. Alisoma tena mlango, safari hii bila kidole. "Basi mwekeeni c/o," alisema, "ili watu wajue." Akampa kalamu yake, na Heshima akaziandika zile herufi mbili mbele ya Deusdedit, kwa unadhifu ule ule wa mengine.

Ruhusa ilifika wiki mbili baadaye: mwaka mmoja, hadi mwisho wa Mei 2012. Barua ya Deusdedit ilikuwa bado. Mama mdogo alisoma karatasi ya kamati mara mbili, akaiweka chini ya bakuli la chumvi, akamgeukia Heshima aliyekuwa ameloweka miguu kwenye beseni.

"Lakini mwanangu, jambo moja sijalielewa. Majina yote yale, kwa nini ulitoa lako?"

Heshima aliangalia maji.

"Mama, tangu nije hapa, hakuna mtu aliyewahi kunitafuta kwa jina. Nilidhani likitoka, hakuna atakayeona."