Nusu ya Injini Imelala

Mshale wa mafuta ulikuwa umepanda. Niliuangalia, nikazima gari, nikawasha tena, nikauangalia mara ya pili kwa jicho moja, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Jana yake jioni nilikuwa nimeiacha pikapu ya baba uani ikiwa na nusu tangi. Sasa ilikuwa asubuhi, keki ya ghorofa tatu ilishapakiwa nyuma, dada yangu ananihimiza tuondoke, na mshale umeivuka nusu kwa upana wa kidole. Mimi sikuwa nimeweka hata tone. Nilijua fika, kwa sababu nilikuwa nimepanga kwenda kuweka mchana kwa siri, kama nilivyokuwa nikifanya kwa wiki sita.

Inabidi nirudi nyuma kidogo.

Baba alishona viatu kwa miaka arobaini. Alipostaafu alijinunulia pikapu kubwa iliyotumika, yenye silinda nane, na kilichomteka siku ile hakikuwa rangi wala nguvu zake. Muuzaji alimweleza kwamba gari likishashika mwendo wa raha, injini huzipumzisha silinda nne na kuendelea na nne zilizobaki, ili kuokoa petroli. Zikihitajika zinaamka zenyewe. Baba alikuwa mtu wa kutoa soli mbili kwenye kipande cha ngozi ambacho wenzake walitoa moja, kwa hiyo habari hiyo ilimwingia moyoni moja kwa moja. Alitusimulia mezani. Akamsimulia jirani yetu, mwalimu mstaafu wa hesabu. Akawasimulia hata watu waliomsalimia tu njiani na kutaka kupita zao.

"Nusu imelala," alikuwa akisema tukiwa barabarani, kidole juu. "Sikilizeni."

Tulisikiliza. Shida ni kwamba tulizisikia pia zilipoamka. Kwenye ile barabara ndefu ya kuingia mjini zililala, zikaamka, zikalala tena, na kila mara gari zima lilitetemeka kidogo kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Abiria hilo halimdhuru. Keki ni jambo lingine. Dada alikuwa akioka keki za harusi nyumbani, mimi nikizipeleka, na mteja wake mkubwa alikuwa ni hoteli moja ya mjini. Keki ya kwanza ilifika na ufa ubavuni. Ya pili ilifika ghorofa yake ya juu imekaa upande kama kofia ya mlevi. Mpishi mkuu alituambia kwa upole, na upole wake ndio uliotutisha, kwamba ya tatu ikiharibika atatafuta mwokaji mwingine. Dada alikuwa ameshaacha kazi yake ya ofisini kwa ajili ya keki hizo.

Nikaipeleka pikapu kwa Fundi Pole. Jina hilo alilipata kwa sababu kila gari lililoingia gereji yake alilipa pole kabla hajalifungua boneti. Aliiendesha mpaka mjini na kurudi, akashuka akijifuta mikono.

"Gari lako zima," akasema. "Ni hizo silinda zinazokurupuka. Kuna watu wanasema huko kulala na kuamka kunachosha vyuma vya ndani, wengine wanasema ni maneno tu. Mimi nakwambia habari ya keki."

Akanionyesha kidude kidogo kama kiberiti. Kinachomekwa kwenye soketi ya kupimia gari, chini ya usukani, na kikiwepo hapo silinda zote nane zinafanya kazi muda wote. Ukikichomoa, gari linarudi kama lilivyotoka kiwandani. Petroli ingeongezeka kidogo. "Ila soketi yako imelegea," akaniambia. "Uwe unakiangalia kisije kikadondoka."

Lilikuwa gari la baba, kwa hiyo nilimwomba Fundi aje kumweleza mwenyewe. Tulimkuta baba amekaa barazani na mwalimu. Alimsikiliza Fundi mpaka mwisho, kisha akasimama.

"Niwalishe wanane wakati wanne wanatosha? Mnataka mnione nakwenda kituo cha mafuta kwa miguu kila siku, dumu mkononi? Hakichomekwi kitu!"

Mwalimu alicheka mpaka akashika mbavu. Hapo nikajua mambo yameharibika, maana neno alilolisema baba mbele ya mwalimu halikurudi nyuma. Mwalimu alikuwa na kumbukumbu ya shetani.

Keki ya tatu ilikuwa Jumamosi. Ijumaa nilijikunja chini ya usukani na kukichomeka. Baba hakuwahi kunidanganya maishani mwangu, hata kuhusu kiatu kinachobana, na mimi nilikuwa namdanganya ndani ya gari lake mwenyewe. Lakini keki ilifika imesimama wima, kila ua mahali pake. Dada alilia jikoni kwa watu, mpishi mkuu akampa kitambaa cha kufutia sahani. Sikuweza kukichomoa tena.

Kwa kuwa mshale ungenisema, nikaanza kuongeza petroli kidogo kidogo bila baba kujua.

Siku ya kwanza baba alipoiendesha mwenyewe nilisimama dirishani roho mkononi. Alirudi, akafunga mlango taratibu, akaigonga pikapu kwa kiganja.

"Siku hizi haishtuki kabisa," akasema. "Imezoea. Inalala kama mtoto aliyeshiba."

Nilimkubalia kwa kichwa. Nilidhani masikio yake yameanza kuzeeka, nikamwonea huruma. Mungu anisamehe.

Tangu siku ile majigambo yake yalizidi. Mshale haukushuka, wiki ikaingia wiki, na kila jioni aliripoti barazani. Mwisho mwalimu akatoa kalamu, akaandika kitu kiganjani.

"Mzee mwenzangu, kwa hesabu hizi mwezi ujao utakuwa unalikamua. Andaa ndoo."

Baba alicheka kuliko kawaida yake. Mimi nilitazama miguu yangu.

Sasa nirudi kwenye ile asubuhi. Tulifikisha keki salama, nikamwacha dada hotelini akiipanga, nikapitia kituo cha mafuta. Binti wa pampu aliponiona alitikisa kichwa.

"Dada, hilo gari au kisima? Mzee kaja jana jioni kuchukua lita kumi. Juzi kaja. Wiki iliyopita kaja mara mbili. Tena kwa miguu, na dumu lake. Namwambia, mzee wangu, si uje na gari? Anasema gari limelala." Akaziba mdomo kwa mkono. "Lo! Alinikataza nisikwambie."

Niliisogeza pikapu pembeni, nikajikunja chini ya usukani. Kidude kilikuwa pale pale. Kilikuwa kimezungushiwa uzi mara mbili, uzi wa kushonea viatu uliopakwa nta, na kufungwa kwenye chuma cha pembeni ili kisicheze. Ncha ya uzi ilikuwa imechomwa kwa moto isifumuke, kama kila ncha aliyowahi kuimaliza baba. Nta ilikuwa imeshashika vumbi la wiki nyingi. Nilikaa kwenye sakafu ya gari, magoti kifuani, nikacheka huku nalia, na binti wa pampu akaja kuuliza kama naumwa.

Nyumbani nilimkuta barazani na mwalimu wake. Viatu vyake vilikuwa na vumbi.

"Baba," nikasema, "nusu imelala?"

Alinitazama kwa uso mkavu. "Fofofo."

Jioni ile nililichukua dumu nyuma ya mlango wa stoo, nikalipakia kwenye pikapu. Kesho yake alilitafuta kimya kimya, akalikosa, na tangu siku hiyo mafuta nikaweka mimi peke yangu. Hatukulizungumza. Mwalimu aliendelea kusubiri maajabu ya ndoo.

Ni miaka tisa sasa. Dada ana jiko lake mjini na wasaidizi watatu, na keki bado nazipeleka mimi. Baba haendeshi tena, macho yamechoka, na pikapu ni yangu. Mwaka jana uzi ulikatika, nikajaribu kuufunga upya, fundo likawa linateleza tu. Nikamfuata barazani na kipande cha uzi, nikamwomba anifundishe lile fundo lake.

"Unafungia nini?" akauliza.

"Kitu cha gari tu, Baba."

Akanishika vidole, akaviongoza kwa kupapasa: zungusha, pitisha chini, rudi, vuta. Tulirudia mara tatu mpaka nikaweza mwenyewe.

"Kaza," akasema. "Keki ni ya saa ngapi?"