Siki Isipochoma

...na inachoma hasa, kutoka paji la uso mpaka kidevuni, kama mtu amenipaka pilipili, machozi yako karibu, pamba ninayo mkononi imelowa, kioo nimekiegemeza kwenye ubao wa bafu, na nje ya mlango wa bati jirani yangu Quinter anasema usiogope, Mama Kadzo, ikichoma jua inafanya kazi, chunusi ndivyo zinavyokufa, nami naitikia kwa pua kwa sababu nikifungua mdomo siki itaingia, siki yake mwenyewe, aliyoichachusha chumbani kwake kwa maganda ya tufaha anayopewa na muuza sharubati wa Kongowea, maganda na sukari na maji kwenye chupa ya kioo, akaifunga kitambaa mdomoni, akaiacha mpaka ikafanya utando juu, utando anaouita mama wa siki, akaichuja, akaizimua kwa maji, akasema hii ndiyo tona, maji ya kusafishia uso, wenye maduka wanawauzia watu vichupa na sisi tunayo hapahapa Mtopanga... ananingoja na simu, picha ya kwanza alinipiga uso ukiwa umeiva chunusi, picha ya leo anataka aiweke kando ya ile, watu waone, waje kununua, "toka haraka, mwangaza uko fiti saa hii," anasema, na mimi nasema nakuja, umebaki upande wa kulia, puani inachoma, chini ya jicho inachoma, pale nilipoitumbua chunusi ya jana inachoma mpaka nanyanyua bega, nasogeza pamba kuelekea sikioni, taratibu, na hapa haichomi, pamba imekauka labda, nachovya tena, nakamua kidogo, narudisha palepale, naona maji yanateremka shingoni, shingo inachoma, lile baka la karibu na sikio haliumi, baka lenyewe halisikii hata ubaridi, kama ninapaka shavu la mtu mwingine... choa, Charo mume wangu alisema ni choa, alipoliona mara ya kwanza alilishika kwa kidole chenye vumbi la mawe ya Mwakirunge, kazini kwake machimboni wanapata choa kila siku, akaninunulia dawa ya kupaka, ikaisha, baka likabaki jeupejeupe, kingo zimeinuka, nikajiambia ni mvuke wa mafuta, mtu anayekaanga mahamri kila alfajiri uso wake utakuwaje, chunusi zikaja kando yake na nikashukuru, wallahi nilizishukuru chunusi, maana watu wakitazama wanaziona zile... "unajua nitaiandikaje?" Quinter anasema, "ngozi safi bila kemikali," anacheka, nacheka naye kwa sauti tu, mdomo kwenye kioo haukucheka, nachukua ukucha, nakwaruza baka, nakwaruza pembeni yake, pembeni panaumia, ndani hapana kitu, nakandamiza zaidi, alama ya ukucha inaonekana, nyekundu, naiona lakini siisikii, na Mama aliuliza hilohilo, nilipompigia kule Bamba nikamweleza habari ya uso, chunusi alizipita tu, akasema utu uzima huo, nikamwambia kuna baka pia, akauliza, "Linawasha?" nikasema haliwashi, "Linauma?" nikasema haliumi, tena nilisema kwa furaha kama mtu anayeleta habari njema, akasema, "Usimwonyeshe mtu," halafu akaanza kuniuliza habari za mvua, za mahindi, mambo yasiyohusu, na sauti yake ilikuwa ile ya msibani... nilijua, hapana, sikujua, nilichachamaa na siki tu, siki na pamba asubuhi na jioni, kwa sababu chunusi zina dawa na zina jina la kutamkwa mbele ya watu, na lile jina la pili kwetu halitamkwi, kwetu tulikuwa tunasema babu Munga ana shida ya mkono, ndugu yake bibi, aliishi peke yake kibandani nyuma ya zizi la mbuzi, kata yake ya maji ilitundikwa peke yake, tuliambiwa amerogwa na watu wa shamba la mpakani, na sisi watoto tulimpenda kwa mchezo mmoja, alikuwa akichukua kaa la moto kwa vidole anawashia sigara polepole bila kukunja uso, tukimwita shujaa, naye anatabasamu, halafu siku ile alikuja kutoka shambani akakaa, nikampelekea uji nikauweka mbali kama nilivyofundishwa, nikaona mguu wake unaacha damu kwenye mchanga, nikasema babu, mguu, akauinua akautazama, kulikuwa na msumari umeingia wote mpaka kichwa, ametembea nao njia yote, akanitazama mimi, hakutazama tena mguu, akaniuliza pole pole kama anaomba radhi, "Mjukuu wangu, umeingia wapi?" kwa sababu hakujua, na mimi nilikimbia... na kidole changu, hiki kidogo, mafuta yaliruka juzi nikigeuza mahamri, Quinter ndiye aliyeshtuka, "Mama Kadzo, ngozi yako inachubuka!" akanivuta mkono, nikamwambia mkono umezoea moto, nikajisifu, wateja wa machimboni wamesimama pale wanangoja mbaazi zao wakasema huyu mama ni chuma, nikaongeza kicheko, kidole hakikuuma wakati ule, hakiumi sasa, kimeivisha lengelenge na mimi nalitazama kama natazama tunda... babu Munga naye alikuwa akitabasamu vivyo hivyo... mahamri ninayakanda kwa mikono hii, nani atakula, wakisikia watapita upande wa pili wa njia, mwenye nyumba atasema chumba anakihitaji, Charo atalala wapi, atalala na mimi au atahamia kwa nduguye mtaa wa Airport, na Kadzo, mwanangu, kila jioni analala shavu lake limegusa langu, hili hili, anapenda hapa kwenye baka kwa kuwa hapana chunusi, anasema huku ni laini, mama, na mimi ninamwacha... "Mama Kadzo, umelala huko?" "Nakuja." "Kadzo amenishika rinda, anataka nimpige picha yeye," na kweli namsikia mtoto anacheka, nataka kusema usimguse, nani asimguse nani, na yule Hassan, mhudumu wa afya wa mtaa, alipokuja na matone ya polio ya watoto alikaa pale uani akatoa picha kwenye mfuko wake, akasema baka lisilowasha wala kuuma, usilipake kila unachokiona, usilifiche, njoo tulitazame, ugonjwa huu upo bado na dawa yake ni ya bure, ukianza kumeza humwambukizi mtu, ukichelewa vidole haviwezi kurudi, na wanawake walicheka kwa kuogopa ile picha, na mimi nilicheka kuwashinda wote, nikasema mambo hayo ni ya zamani, nikainuka kwenda kutazama chungu ambacho hakikuwa motoni... babu hakupewa hiyo dawa, au ilikuwepo na hakuna aliyempeleka, ndilo ninaloliona sasa, kulikuwa na zahanati, bibi alikuwa anakwenda kupima presha, wangeweza kumpandisha kwenye baiskeli, lakini kumpeleka ni kumwonyesha, na kumwonyesha ni kuitangaza nyumba yetu yote, mabinti hawaolewi, kwa hiyo wakamtundikia kata, wakamlea vizuri, wakampelekea uji, akaisha kidogokidogo mbele yetu bila kuumia, na siku alipozikwa wakaivunja ile kata na tukaambiwa tusiseme, na Mama hajasema, mpaka leo anaogopa zaidi watu kuliko anavyoogopa vidole vyangu... ukoma... nimelisema, midomo imetikisika kwenye kioo, siki imeingia kweli, chungu, kali, ulimi unasikia, ulimi ni wangu bado, ukoma, nalisema tena bila sauti na bafu halikuanguka, mtu nje anamwimbia mwanangu, maji yanadondoka kwenye ndoo, kila kitu kiko vilevile, na nikitoka hivi nitasimama kwenye mwanga, Quinter atasema geuza shavu zuri, nitageuza, atabonyeza, na kesho nitarudi humu na pamba nyingine, na keshokutwa, mpaka kidole hiki kianze kujikunja nami niseme ni baridi, ni uzee, nimerogwa... Hassan nyumba yake naijua, iko nyuma ya msikiti, lakini miguu haitanifikisha peke yangu, najijua, nitafika kona nitanunua nyanya nirudi, lazima awepo mtu aliyekwisha kuona, asiyeweza kujifanya hajaona, na Charo yuko machimboni, Mama yuko Bamba, aliyepo ni huyu tu, na akikimbia amekimbia, kama nilivyokimbia mimi, sina wa kumlaumu...

"Quinter."

"Eeh?"

"Kadzo mwache kwanza. Weka simu. Ingia unitazame hapa shavuni."

"Imekuunguza? Mungu wangu, nilikuambia uongeze maji—"

"Haikuniunguza," nasema, "hiyo ndiyo shida," na pamba bado ninayo mkononi, komeo nimeliondoa, nasikia kandambili zake zinasita kwenye saruji, hatua moja, zinasita tena, mlango haujafunguka, na mimi nimekwisha kuligeuza shavu upande wa mwanga.