Akisema Simama

Fomu ilikuwa na maswali sita, na la nne ndilo lililoniponza. "Je, mgeni ana tatizo lolote la kusikia?" Chini yake visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Yangu nilikuwa nimekwisha kuijaza. Sasa nilikuwa najaza ya wifi yangu, kwa sababu miwani yake ilikuwa chini kabisa ya begi, na hakutaka kulipekua mbele za watu.

Kalamu ikagoma. Wifi akanifinya paja chini ya meza.

"Andika, wifi. Mbona unaitazama karatasi kama imekutukana?"

"Wanauliza masikio."

"Masikio ninayo. Mawili. Hesabu."

Ni kweli anayo mawili, ila la kushoto lilikufa kwa homa miaka mitatu iliyopita, na la kulia linasikia sauti ya kawaida tu. Ukimnong'oneza, umenong'oneza ukuta. Ni hodari wa kuficha. Hucheka wenzake wakicheka, husema "ehee" kwa kila jambo, na macho yake hayabanduki kwenye midomo ya anayezungumza. Nje ya nyumba yetu hakuna aliyejua.

Karani wa mapokezi, binti mpole mwenye sare ya kijani, aliona nimekwama. "Ndiyo si aibu, mama," alisema. "Ila mwenye Ndiyo hubaki hapa barazani na darubini. Msitu huu ni mzito, huoni hatua kumi mbele yako. Mwongozaji anaongea kwa mnong'ono, na mnong'ono huo ndio usalama wa kila mtu. Mwaka juzi kuna mgeni hakusikia, akaendelea kutembea."

Hakusema aliendelea mpaka wapi.

Sisi hatukuja kukaa barazani. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa seremala, na kazi yake ya mwisho ilikuwa dungu la kutazamia wanyama ndani ya msitu ule, mwendo wa saa moja kutoka lojini. Alilimaliza, akarudi nyumbani na kikohozi, na hakuchukua hata mwezi. Siku tuliyomzika, dada yake huyu alikuwa amelazwa hospitalini na ile homa iliyomla sikio. Hakumwona kaka yake akishushwa. Hakutupa hata gao la udongo. Kwa hiyo meneja wa loji alipotualika siku mbili kwa heshima ya marehemu, wifi alitaka kitu kimoja tu: aweke mkono wake kwenye mbao ambazo kaka yake alizipigilia mwisho.

Nikatia alama kwenye Hapana. Mimi, ambaye tangu niolewe sijaacha sala ya asubuhi.

Mwongozaji wetu alikuwa mwanamume mwembamba, mwenye hatua kama za paka. Wenzake walimwita Mnong'ono na jina lilimkaa, maana hata hapo barazani aliongea kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. Tulikuwa wachache: sisi wawili, maharusi wapya walioshikana mikono kama waliogandishwa kwa gundi, na askari mwenye bunduki wa kufunga msafara.

"Sheria ni moja," alisema Mnong'ono. "Nikisema simama, ganda. Uliyekaa, baki umekaa. Uliyeinama, baki umeinama. Hata ruba akiwa shingoni, mwache anywe. Tembo wa huku macho yake si mazuri, anachokiona ni kile kinachosogea."

Wakati anasema hayo wifi alikuwa ameinama, anapigana na gambuti lililombana. Sikio lililomwelekea Mnong'ono lilikuwa lile la kushoto. Alipoinua kichwa akadaka neno moja tu midomoni mwa Mnong'ono.

"Ehee," alisema. "Tembo! Mimi tembo ninalolijua ni lile la kunywa."

Maharusi walicheka. Mnong'ono hakucheka.

"Wifi, punguza," nilimwambia. "Tunakokwenda si pa mzaha."

"Wewe ulizaliwa umenuna. Kaka yangu alikupendea nini?"

Tulipoingia chini ya miti nilikaa upande wake wa kulia, kama nilivyojiapiza. Nilitaka kumweleza ile sheria yote, ya aliyekaa na ya aliyeinama, ila kila nilipofungua mdomo Mnong'ono aligeuka kututazama. Nikafupisha. Nikamvuta nikamwambia karibu kabisa na sikio, "Akisema simama, usimame. Umesikia?"

"Nimesikia. Akisema simama, nisimame."

Nikaridhika. Mungu anisamehe, niliridhika.

Sijui watu wengine huenda msituni kutafuta nini. Mimi niliona mahali ambapo mtu hana mamlaka hata na kivuli chake. Juu majani yalikuwa yamefumana, jua likawa linapita matone matone. Maji yalidondoka ijapokuwa mvua haikunyesha. Mizizi ilitoka ardhini kama magoti ya watu waliolala. Mbega walitupita juu, weusi kwa weupe, na bibi harusi akaguna kwa furaha, lakini mimi nilikuwa nimeona kitu kingine: mti mwembamba uliokunjwa ukavunjika, na utomvu wake bado unachuruzika. Hatua chache mbele kulikuwa na kinyesi, lundo la kimo cha ndoo. Kilikuwa kinafuka moshi.

Mnong'ono alikiinamia, akakigusa kwa mgongo wa kidole, akamtazama askari. Askari alishusha bunduki kutoka begani akaishika mkononi. Hakuna aliyetuambia lolote, na hapo ndipo nilipojua.

"Wifi, mbona unaniminya mkono hivyo?" wifi aliuliza, kwa ile sauti yake ya juu, ya mtu asiyejisikia mwenyewe.

Mnong'ono aligeuka. Alimtazama wifi, akanitazama mimi, akachelewa kuyaondoa macho yake. Akaweka kidole mdomoni. Wifi naye akaweka cha kwake, akatikisa kichwa sana, kama aliyeonewa.

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema. Ningesema, Baba, huyu hasikii, turudishe. Ulimi uliufikia mwanzo wa neno kabisa. Lakini nilimwona wifi anavyochungulia mbele katikati ya majani, shingo ndefu, anatafuta kazi ya kaka yake. Nikameza. Tuliendelea, na kila hatua ilikuwa kama naikanyaga juu ya ile alama niliyoitia kwenye fomu.

Baada ya kitambo tulifika kwenye gogo lililoanguka, na Mnong'ono akatuonyesha kwa ishara tupumzike. Wifi alikaa juu ya gogo, akanyoosha miguu. Askari alikuwa nyuma yetu. Mnong'ono akanisogelea, akaelekeza kidole kati ya miti miwili mikubwa.

"Lile pale, mama," alinong'ona. "Kazi ya mzee."

Niliona pembe ya paa la dungu. Sikuona zaidi. Nikasogea hatua mbili, nikasogea tena hatua nne, kwa sababu nilitaka kuona ngazi. Nilimwacha wifi peke yake kwenye gogo. Ndiyo, nilimwacha. Niliiona ngazi, nikaona mikono ya mume wangu kwenye ile ngazi kana kwamba ametoka kuiweka nyundo chini sasa hivi, na kwa muda huo sikuwa msituni.

Kilichonirudisha ni ukimya. Ndege walikuwa wameacha. Mbega walikuwa wameacha. Kisha majani ya upande wa kushoto, ng'ambo ya gogo, yakafunguka bila kelele yoyote, na mahali palipokuwa na kivuli pakawa na tembo.

Alikuwa jike. Miguuni pake kulikuwa na ndama mwenye nywele kichwani, kimo cha meza.

"Simama," alinong'ona Mnong'ono.

Niliganda. Bwana harusi aliganda, mkono hewani. Bibi harusi alikuwa amechuchumaa anafunga kamba, akabaki amechuchumaa. Na wifi yangu, ambaye alikuwa ameyaona macho yetu yamebadilika, akautazama mdomo wa mwongozaji, akalisoma lile neno. Akakumbuka nilivyomwambia. Akasimama.

Akainuka kutoka kwenye gogo, akaishusha kanga yake vizuri, akanyooka wima kama mwanafunzi anayetii mwalimu. Mgongo kwa tembo.

Masikio ya yule mnyama yalifunguka. Sijui niyafananishe na nini. Milango miwili.

"Kaa chini, mama," alinong'ona Mnong'ono. Macho ya wifi yalikuwa yamekwisha kuhama, hakuuona mdomo wake. "Mama. Kaa. Mama, nimesema kaa."

Wifi alisimama. Alinitazama mimi, na uso wake uliniuliza kama amefanya sawa.

Askari aliinua bunduki akaishusha. Akainua tena. Wifi alikuwa katikati, kati ya mtutu na tembo. Tembo alipiga hatua moja, na hatua hiyo sikuisikia kwa masikio, niliisikia kwenye nyayo. "Mkaidi huyu," alisema askari kwa pumzi.

Nilikuwa najua kitu ambacho hakuna mwingine pale aliyekijua. Nilikijua peke yangu na Mungu wangu. Wale wanaume wawili walikuwa wanaendelea kumnong'oneza mwanamke ambaye hata wangenong'ona mpaka jioni asingewasikia, na mimi nilikuwa nimegandishwa na sheria niliyoivunja tangu barazani.

Nikasema. Sikupiga kelele, ila nilisema kwa sauti kamili, kama mtu anayeitikia jina lake.

"Hasikii! Mwonyesheni kwa mikono. Hasikii huyu, niliandika uongo!"

Kichwa cha tembo kikageuka kwangu.

Nilichokiona upande wa pili nilikiona kwa pembe ya jicho: Mnong'ono anateleza taratibu mpaka mbele ya uso wa wifi, kiganja kimeangalia chini, anashusha, anashusha. Na wifi anashuka nacho, polepole, mpaka akapotea nyuma ya gogo. Nikajua kwamba kwa upande wake yamekwisha. Kwa upande wangu yalikuwa yanakuja.

Tembo alikuja bila haraka. Aliiweka miguu mmoja mmoja. Nilijaribu kuomba, na maombi yote ninayoyajua tangu utotoni yalikuwa yamenitoka, hata lile fupi la kulalia. Nilibakiwa na "wewe" tu. Wewe. Wewe. Sikujua namwambia nani. Niliona tope lililokaukia kwenye paji lake likiwa na nyufa, niliona kope, ndefu, za kike kabisa. Mkonga ulinyooka ukasimama mbele ya kifua changu, ukavuta harufu yangu, na pumzi iliyorudi ilikuwa ya moto, ya majani yaliyochachuka. Maji yalinitoka yakashuka hadi ndani ya gambuti. Sioni haya kuyaandika.

Ndama akalia, kilio kidogo kama bawaba isiyo na mafuta. Mama yake alisikiliza. Akabaki vile vile, akinishikilia kwa jicho lile moja, kisha akarudi kinyumenyume, akageuka, na majani yakafunga. Mnyama mkubwa kuliko chumba changu, na hakuacha hata tawi linalotikisika.

Hatukusogea kwa muda mrefu. Mnong'ono alipoongea aliongea kwa sauti, na nilishtuka, kwa sababu ilikuwa sauti nzito yenye mikwaruzo, ya mtu mwingine kabisa.

"Tunarudi."

Wifi alikuwa amemtazama mdomoni. "Na dungu?"

Alimkaribia, akasimama mbele yake, akatamka kila neno peke yake. "Hatufiki, mama. Wameelekea huko huko. Leo hatufiki."

"Si pale tu? Ni kama kutoka mlangoni hadi jikoni."

"Ni pale tu," alisema Mnong'ono. "Na wao wako pale tu."

Wifi alikiangalia kile kipande cha paa. Kisha akafuata msafara, na njia nzima hakuongea nami. Nilitembea upande wake wa kulia, naye akawa anauhama upande huo, ananipa sikio lililokufa.

Mapokezini niliiomba fomu. Karani alisema haina haja tena, nikamwambia kwangu ipo. Nikaikata ile alama, nikatia mpya kwenye Ndiyo. Wifi alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Ulimwambia nini yule mnyama hata akakufuata wewe?"

Nilimgeukia ili anisome vizuri. "Sikuongea naye. Niliwaambia watu kwamba husikii."

Maharusi walikuwa kwenye viti, wanajifanya wanakunywa maji.

"Karani na tabasamu lake ulimwogopa," alisema wifi, "tembo ukamwambia ukweli."

"Na wewe ulisimama. Nani alikutuma usimame?"

"Wewe! 'Akisema simama, usimame.' Si ulinivuta sikio kabisa?"

Nilikaa kwenye kiti cha karibu.

Asubuhi yake gari la loji lilikuja kutuchukua. Tulipoingia, wifi aliniruka akakaa dirishani, ili sikio zima liwe kwangu. Miti ilikuwa inatubana pande zote, na kila tawi lililokwaruza bati nilishika kiti cha mbele.

"Mimi niliona paa tu," alisema, bila kunitazama. "Wewe ulisogea. Niambie."

"Niliona ngazi. Vidato tisa. Cha kwanza amekishusha chini sana, karibu na ardhi, vingine vimeachana sawasawa."

Wifi yangu ni mfupi. Kwenye nyumba yetu kizingiti cha nyuma kina ubao wa chini kama huo, alioupigilia marehemu siku dada yake alipohamia.

Alitazama nje mpaka tukaupita mti wa mwisho. Hapo akainama mbele akamgonga dereva begani.

"Baba, upande huu sisikii," alimwambia. "Kukiwa na jambo lolote njiani, usininong'oneze. Niguse."