Bonge la Damu Jikoni kwa Wawira

Wawira alikuwa anachambua maharagwe meusi ya njahi jikoni, miaka ile ya Emajensi, hali ya hatari ya Waingereza, wakati bonge la damu lilipotoka kifuani mwa mume wake Kivuti likakaa kando ya mafiga kuota moto. Lilikuwa dogo, jekundu. Wawira alilisogezea kigoda, maana mgeni ni mgeni.

Mchana ule moyo wa Kivuti ulikuwa umeshikwa ndani ya handaki, lile watu walilolazimishwa kuchimba kuzunguka kijiji ili wasitoke. Daktari wa misheni alikuja akaliminya bonge kwa vidole.

"Bado changa, ni laini," akasema. "Likiyeyuka, atapona. Likikauka likawa jeupe na gumu kama kokoto, litamuua. Apumzike."

Hedimani Njoka, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, naye akaingia, akanyoosha mikono motoni.

"Kila nyumba watu wawili handakini. Mgonjwa, mzima, sijui."

"Basi mmoja ni mimi," Wawira akasema. "Wa pili ni hili."

Njoka akaliangalia. "Lisichelewe."

Filimbi ilipolia asubuhi, Wawira alilifunga mgongoni kwa shuka kama mtoto. Njoka akahesabu wawili. Kivuti akabaki nyumbani na kifua chepesi, akamalizia zile njahi.

Jioni bonge lilirudi limekauka, jeupe ukingoni. Kivuti akaliweka karibu na moto.

"Kitendawili."

"Tega."

"Watatu wanabeba chungu, hawaendi popote."

Wawira, mgongo wake ukiwa karibu kuegemea mafiga, alifikiri sana. "Nimeshindwa, Baba Igoki."

"Kwani wewe unapikia wapi, mama? Haya, nipe mji."

"Nenda Runyenjes."

Kivuti akafumba macho, akaenda Runyenjes bila pasi ya kutoka kijijini, akarudi na vumbi jekundu miguuni. Bonge likalainika kidogo.

Ikawa hivyo: mchana linakauka, jioni linalainika. Wawira alishindwa kitendawili cha yai, cha kivuli, hata cha jembe. Miji ikaisha.

"Nenda kwetu," akasema siku moja.

Kwao kulikuwa ng'ambo ya handaki, nyumba yao ya zamani ilikochomwa. Kivuti alikawia. Aliporudi alikuwa na kiazi kitamu mkononi, bado kina udongo.

"Vimeota pale kitanda chetu kilipokuwa," akasema.

Wakakichoma, wakakigawana. Bonge likawa laini kama siku ya kwanza.

Asubuhi filimbi ikalia. Wawira akalifunga mgongoni, lina joto kama mtoto aliyetolewa usingizini, akashuka nalo handakini. Kina cha handaki kilikuwa kimeshapita kimo chake.