Maji ya Kutekwa Kimya

Basi lilikuwa limeshaanza kupanda kilima, bahari iko nyuma yetu, ndipo nilipogundua kwamba wale watu wenye fulana za njano hawakuwa watu wetu.

Nilikuwa na miaka sita. Nimebanwa kati ya mama mmoja mnene na begi la nguo mbichi, mchanga umenijaa mpaka masikioni, nikageuka kumwomba Shangazi Mantwa andazi. Shangazi Mantwa hayupo. Nikatazama mbele, nikatazama nyuma: njano, njano, njano tupu, na juu ya kila fulana uso nisioujua. Wakaanza kuimba. Nikatega sikio nipate hata neno moja la Kisotho chetu, jamani, hata moja tu! Hakuna. Wimbo ule naukumbuka mpaka leo kuliko ninavyoikumbuka siku niliyoolewa.

Sisi ni watu wa milimani, wa Qwaqwa, Afrika Kusini. Kila Mwaka Mpya chama cha akina mama kilikodi basi, tukasafiri usiku kucha, kukapambazuka tuko Durban. Tulishinda baharini mchana kutwa, jioni tukageuza. Na hakuna aliyerudi mikono mitupu. Kila mmoja alibeba chupa ya maji ya bahari kwa ajili ya wagonjwa na wazee waliobaki nyumbani. Mwaka ule Bibi, mzaa mama, alikuwa hajanyanyuka kitandani tangu majira ya baridi, na hakuomba kingine.

"Uyateke mwenyewe," alimwambia Mama. "Na uyateke kimya. Ukifungua mdomo kabla ya kufunga chupa, yamwage huko huko. Maji ya chumvi matupu ninayo hapa jikoni."

Ndivyo tulivyolelewa kwetu. Maji ya mgonjwa hayatekwi kwa maneno.

Fulana za njano zilikuwa wazo la Shangazi Mantwa, mwenyekiti. "Mwaka huu hapotei mtu," alitamba akizigawa. "Mtoto akiona njano, kaona kwao." Masikini shangazi yangu! Hakuwahi kujiuliza kama nchi hii ina chama kingine kinachopenda njano.

Jua lilikuwa limeanza kuinama Mama alipoingia majini na chupa yake, akanipa mgongo. Nilibanwa na mkojo. Nikaita. Hakujibu. Nikaita tena kwa nguvu, "Mama!" Mabega yake yakashtuka kidogo, lakini hakugeuka. Basi nikajua bado ana hasira nami, kwa sababu asubuhi nilimwaga dumu zima la kinywaji cha tangawizi. Wanawake wa njano walikuwa wakipita kuelekea chooni. Nikawafuata. Walipotoka chooni wakaenda kwenye basi, nikawafuata tena. Mlangoni mkono fulani ukaninyanyua kwa kwapa na kunitupa ndani. Basi limejaa watoto, nani angeona amezidi mmoja?

Sasa nikapiga yowe. Nyimbo zikakatika. Yule mama mnene akanishika kidevu, akasema maneno nisiyoyaelewa, kisha akamwita mzee mmoja wa kiti cha nyuma, aliyekuwa amefanya kazi migodini na kujifunza huko lugha yetu kidogo.

"Wewe mtoto wa nani?" mzee aliniuliza.

"Wa Mama."

"Mama gani?"

"Mama yangu!"

Mzee akawatafsiria, basi zima likacheka. Mama mnene hakucheka. Walikuwa Wavenda, watu wa kaskazini kabisa, na kesho yake asubuhi ningeamkia huko, kwa watu ambao, ukimtoa mzee huyu, hata kuniuliza kwetu wapi wasingeweza. Mama mnene alisimama akamfuata dereva. Mzee yule alinitafsiria ugomvi wao kana kwamba ananisimulia mpira wa redioni.

"Dereva anasema akigeuza kwenye foleni hii, tutalala hapa. Anasema utaachwa kituo cha polisi cha mbele. Mama huyu, Nyadzani, anamwuliza, angekuwa mwanao? Dereva anasema, wangu siwapotezi. Ee! Nyadzani anasema fungua mlango. Anasema mnisubiri au mniache, shauri yenu."

Nyadzani alinifunga mgongoni kwa taulo, akateremka. Umati wote wa Durban ulikuwa ukipanda, sisi peke yetu tunashuka. Nililia "Mama! Mama!" sikioni mwake njia nzima, wala hakuniambia ninyamaze.

Yaliyokuwa yakitokea chini ufuoni nilisimuliwa na Shangazi Mantwa, miaka mingi baadaye. Mama aligeuka, kizibo bado kiko mkononi, mimi sipo. Akapiga kelele ufuo mzima ukageuka. Aliamini maji yamenichukua. Akajitosa, waokoaji wakamtoa, akajitosa tena, na chupa mkononi, wakamtoa tena. Alikwenda mpaka kwenye hema la watoto waliopotea, akawageuza mmoja mmoja nyuso zao. Kisha dereva wetu akaanza kupiga honi. Shangazi akamsihi apande, polisi wataendelea kutafuta.

"Nendeni," Mama alisema. "Mimi nakaa hapa."

"Ukae na nani, Mamalineo?" Shangazi akamwuliza Mama.

"Na yeye. Nimwache peke yake humo ndani?"

Tulimkuta ameketi kwenye mchanga mbichi, ameielekea bahari, sauti imemkauka. Nyadzani aliniweka chini. Nikasema, "Mama." Hakugeuka. Jioni ile alikuwa ameshageukia kila mtoto aliyelitamka neno hilo. Nikaita tena, hakugeuka tena, na hapo ndipo nilipoogopa kuliko nilivyoogopa ndani ya basi. Nikamrukia shingoni kwa nyuma.

Alinizaba kofi. Kisha akanikumbatia mpaka pumzi ikanikata, akilia kwa sauti mbaya, ya mnyama. Alipoinuka kumshukuru yule mama, hawakuwa na lugha. Walishikana mikono tu, fulana mbili za njano, kisha Nyadzani akakimbia kupanda kilima, miguu peku, taulo lake bado liko kwangu. Sikuwahi kujua kama walimsubiri.

Basi letu lilikuwa bado linatusubiri, tukafika nyumbani asubuhi. Bibi alikuwa ameegemezwa kwenye mito, macho mlangoni.

"Maji yangu?"

Mama aliiweka chupa chini, mbali na kitanda. "Yameharibika, mama. Kabla sijafunga nilipiga kelele. Nisamehe. Sikupata nafasi ya kuteka mengine."

"Kelele za nini?"

"Nilimwita huyu."

Bibi alinigeuzia macho. Nilijificha nyuma ya sketi ya Mama.

"Akaja?"

"Akaja."

"Basi nipe hayo hayo," Bibi alisema.

Mama akampa. Akanywa funda moja, akakunja uso kwa chumvi, akaomba la pili.