Maji Kiganjani mwa Baba

Usiku wa kuamkia leo niliota mimi ni mmoja wa wana wa yule mwenye hekima wa hadithi za kale za Wahindi, mzee ambaye neno lake likishatoka hutimia. Watu walimwabudu. Sisi wanawe tulimwogopa, lakini hilo hakuna aliyeliimba.

Tuko msituni, tunachanja kuni za moto wa ibada. Mgeni anaingia mbio, kamba shingoni. Mfalme amemnunua amchinje awe kafara.

"Mzee wangu, niokoe!"

Baba anamfunika kwa shuka lake. "Umeokoka," anasema.

Kwa kuwa amesema, kamba inajifungua yenyewe. Halafu inaanza kututazama sisi.

"Mfalme hawezi kurudishiwa kamba tupu," inasema.

Baba anatugeukia kwa upole kabisa. "Wanangu, nani atakwenda badala yake?"

Hapo msitu umekuwa ukumbi wa mikutano. Naujua ukumbi huu hata nikiwa macho; nimeshatolewa humu kwa mabavu, na waliobeba miguu yangu nawakumbuka kwa majina. Baba yuko meza kuu. Kando yake imesimama nguzo ya kuchinjia, imevishwa maua.

"Wanaokubali mmoja wenu afe waseme ndiyo," inasema nguzo.

"Ndiyooo!"

"Anayejitolea asimame."

Ndugu zangu wote wanatazama vidole vya miguu yao. Kaka yangu Devraj ananipiga kiwiko. "Simama wewe. Si wewe ndiye msemaji?"

Nasimama. "Baba, huruma ni yako. Shingo iwe yetu kwa nini? Nenda wewe."

Kamba inakohoa.

Baba hakasiriki. Anachukua kibuyu, anamimina maji kiganjani. Utaratibu tunaujua tangu utotoni: laana hutamkwa juu ya maji, na maji yakishatamkiwa hayarudi kibuyuni. Lazima yamwangukie mtu.

"Baba, usimwage. Nakuomba."

"Utakula nyama ya mbwa," anasema, kwa sauti ileile anayotubariki nayo, "na hakuna nyumba itakayokupokea."

Ndugu zangu wanarudi nyuma, wote kwa pamoja, kama waliofanya mazoezi.

"Samahani, ndugu," yanasema maji yakiwa hewani. "Mimi nimetumwa tu."

"Wote husema hivyo," nayajibu, na kwa kuwa nimefungua mdomo, yanaingia humo humo.

Meno yananiuma. Yanasogea.

"Na shingo anayoidai mfalme?" anauliza Devraj.

"Kafara imepokelewa," inasema nguzo. "Kuna mtu hayumo tena katika ukoo huu. Inatosha."

Mgeni anakalishwa kwenye kiti cha mwana wa kwanza. Ukumbi mzima unaimba huruma ya Baba. Napiga kelele, na kinachotoka kinywani ni mluzi wa kumwita mbwa.

Nimeamka alfajiri, kidevu kimelowa. Nikasema ni jasho.

Nikafungua mlango nimpe Bosko makombo ya ugali. Bosko ni mbwa wangu. Siku polisi walipokuja kunichukua, majirani wote walijifungia, yeye peke yake alibaki.

Akaninusa mdomo. Akarudi nyuma mpaka uani, mkia katikati ya miguu, macho kwenye meno yangu.

"Bosko, ni mimi, baba. Njoo."

Hakuja. Nikamwita tena, na nikajikuta nameza mate.